Almasi Yenye Mkia

Ukifika Makanyagio, hapa Mpanda, ukauliza nyumba ya Eufrazia, utaulizwa Eufrazia yupi. Sema "wa chupa", utapelekwa mpaka mlangoni, na aliyekupeleka atabaki hapohapo aone umekuja kufanya nini. Ni shangazi yangu, kwa hiyo haya ninayoyasema nayasema kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, ambayo si nyingi.

Kazi yake ni kununua chupa tupu. Ile asali ya Katavi mnayouziwa stendi ikiwa ndani ya chupa iliyowahi kuwa na pombe kali, kuna uwezekano mkubwa chupa hiyo imeogeshwa na shangazi. Analoweka, anabandua karatasi, anasugua kwa mchanga na majivu, anazipanga juani zimesimama kichwa chini kama wanafunzi walioadhibiwa, halafu wauza asali wanakuja kuzibeba kwa magunia.

Ugonjwa wake ulianzia hapo kwenye beseni. Erasmus, mjukuu wa mpishi aliyewapikia mabwana wa mgodi wa zamani, alimletea gunia la chupa, na katikati ya gunia kulikuwa na moja nzito kama tofali. Mabega mapana, shingo fupi, mwili mzima umechongwa vijipande vijipande kama ganda la nanasi. Ilikuwa imejaa mafuta ya taa. Shangazi akayamwaga, akaiosha, akaiinua juani, na ukuta wa choo ukajaa rangi za upinde wa mvua. Anasema alikaa chini palepale, kwenye matope.

"Nilijiambia, Eufrazia, umezeeka unaosha chupa, kumbe chupa hujawahi kuiona."

Tangu siku hiyo akawa mtafutaji. Mpanda hii ilishakuwa na Waingereza wa mgodi, waliokuja porini na masanduku ya bilauri kana kwamba tembo watawatembelea kwa chai. Na kule Karema, ziwani, kulikuwa na mapadre Wafaransa ambao hawakuona sababu ya kumtumikia Mungu kwa kikombe cha bati. Wote wakaondoka. Vyombo vikabaki kwa wapishi, madobi na watunza sakristia, na vikaanza maisha mapya. Bilauri ya Kifaransa yenye shina jembamba kama mguu wa korongo, shangazi aliikuta sokoni inapimia karanga. Bakuli la Kiingereza lenye ukingo wa menomeno, kule Mwese, lilikuwa la kunyweshea kuku. Alirudi nalo kwa bodaboda amelipakata, anamwambia dereva "taratibu, baba, taratibu," mpaka dereva akaapa kwamba kuku walewale waliwapita njiani wakienda mjini.

Sebuleni ana kabati. Rafu ya juu ni Uingereza, ya chini ni Ufaransa, na katikati amesimamisha Bikira Maria wa plastiki, kuzuia vita. Chini ya kila chombo ametia tone la rangi nyekundu ya kucha, kama akina mama wanavyotia alama sufuria zao zisipotelee kwenye shughuli za watu. Fikiria bilauri imevuka bahari, imenusurika vita viwili vya dunia, imekuja kupakwa rangi ya kucha Makanyagio.

Ukimuuliza anavyozitofautisha, anakunyooshea ukucha. "Unagonga. Ya Mwingereza inalia ngiiii, kama kengele ya misa. Ya Mfaransa inasema ti, inanyamaza. Mfaransa ana dharau." Nilijaribu kuhakiki kwenye simu. Nusu ni kweli, nusu ni Eufrazia.

Kilichomuuma ni kimoja: humo kabatini hakukuwa na kitu kizima. Mfuniko bila jagi lake. Kisahani bila kikombe. Bilauri zilizozaliwa dazeni, zimebaki mojamoja kama wazee wa kijiji. Na ile chupa yake ya kwanza, malkia wa kabati, haikuwa na kizibo. Chupa ya namna ile inazaliwa na kizibo chake cha kioo, na mdomo wake umesuguliwa kwa ndani ili kizibo hicho na si kingine kikae. Yeye alikuwa ameiziba kwa gunzi la hindi, kama watu wanavyoziba dumu la gongo. Mgeni anaingia, anaangalia kabati, anasema mamaa! Halafu anaona gunzi.

"Eufrazia," jirani yake Agatha alikuwa akimwambia, "malkia wako amevaa suti na kandambili."

Shangazi alicheka, lakini siku moja tukiwa wawili aliniambia bila kucheka: "Mume alikufa. Mtoto sikujaliwa. Meno haya nayo yanaaga moja moja. Kitu kimoja kizima tu ndani ya nyumba hii, Mungu atanikatalia?"

Basi akaja Marsela. Huyu ni mke wa Kashinje, mchimbaji mdogo wa dhahabu anayekaa Nsemulwa, na huwa anamletea shangazi chupa. Siku hiyo alihesabiwa chupa zake, akafunga khanga, akaaga, akafika mlangoni, akageuka.

"Dada Eufrazia, hivi almasi inakuwaga na mkia?"

"Almasi ya nani?"

"Ya mtu tu. Naulizia."

Anayeulizia tu hakai tena chini, na Marsela alikaa. Ikatoka yote. Kashinje alikuwa anachokonoa kifusi karibu na mgodi wa zamani akaokota jiwe linalong'aa. Kichwa kama kinanasi kidogo, na chini yake mkia mnene kama kidole gumba. Analiweka kwenye soksi ya mtoto, soksi ameifunga kiunoni, halali mbali nalo wala haogi mbali nalo. Hajamwonyesha dalali, anaogopa kuuawa. Na ndugu zake wawili, Josephat na Deogratias, anaochimba nao shimo moja, hajawaambia kabisa, ingawa sheria ya shimo lao inajulikana: kinachotoka ni cha wote.

"Na ni almasi ya uhakika, dada, maana imeshapimwa. Kwenye mkia imeandikwa saba. Kashinje anasema hizo ni karati."

Shangazi alinyanyuka kama aliyesikia maziwa yakifurika jikoni. Alienda kabatini, akachomoa gunzi, akaupeleka mdomo wa chupa kwenye mwanga. Kulikuwa na mchoro pale ambao siku zote aliudhani ni wa mtoto mtundu mwenye msumari. Ilikuwa ni saba.

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Shangazi ni Mfipa. Kashinje ni Msukuma. Hao ni watani: Msukuma anamsema Mfipa kwa uchawi wa radi, Mfipa anamsema Msukuma kwa ng'ombe wake. Mtani anakutukana mbele ya mkweo, unacheka. Anaondoka na jogoo wako, unamsindikiza. Na neno la mtani, hata aape kwa Biblia, ni mzaha tu, na kadiri anavyoapa ndivyo mzaha unavyonoga. Kwa hiyo kati ya watu wote wa Mpanda nzima, mtu pekee aliyeujua ukweli kuhusu lile jiwe alikuwa ndiye mtu pekee ambaye Kashinje asingemwamini.

Alienda hivyohivyo. Alimkuta Kashinje uani ananoa sururu.

"We Mfipa! Umekuja kwa miguu au umepanda radi?"

"Radi nimeifunga pale nje. Inawachagulia ng'ombe wenu mmoja aliyenona."

"Karibu, karibu. Kaa mbali na watoto."

"Kashinje, leo sikuja kutania. Hilo jiwe lako ni kizibo."

Kashinje aliacha kunoa. Akamtupia Marsela jicho, Marsela akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni kinaungua, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

"Kizibo cha nini?"

"Cha chupa. Ni kioo. Chupa yake ninayo mimi."

Kwanza zikatetemeka mabega. Halafu likafuata tumbo. Kashinje alicheka mpaka akaishikilia sururu asidondoke.

"Chupa yake anayo! Jamani, Wafipa! Yaani Mzungu akae na almasi, aseme ngoja nizibie pombe!"

"Ni kioo, Kashinje. Haki ya Mungu."

"Ameapa! Ameapa huyo!" Alifuta machozi. "Marsela, mletee shemeji soda. Huu ni utani wa kiwango. Dhahabu nayo ni nini, shangazi wa watu? Siagi?"

Shangazi alikunywa soda ya kuchekesha akiwa hajachekesha. Mimi nilimwuliza kwa nini asimpelekee chupa yenyewe, aone kwa macho. Akaniangalia kama nimesoma bure.

"Ukimpelekea mtani kitu unachokipenda, umempa. Ataikwapua mbele yangu na sheria itakuwa upande wake. Nitarudi na gunzi."

Akajaribu kwa Mungu. Wiki ile sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwake, na ulipofika wakati wa kila mtu kutoa nia yake, wengine wakiombea wagonjwa na mvua, shangazi alifumba macho akasema kwa sauti ya shaba: "Tuwaombee wale wote wanaokaa na vitu vya wenzao majumbani mwao, Bwana awachome dhamiri, na kama dhamiri haiungui, awachome penginepo." Marsela aliinamisha kichwa. Lakini dhamiri zilizoungua zilikuwa za wengine kabisa. Siku iliyofuata Agatha alirudisha sufuria ambayo shangazi alishaisahau. Jioni ukaja mwavuli. Mzee mmoja alileta jembe na kuomba yaishe, na jembe hilo shangazi hajawahi kuwa nalo maishani. Alilipokea. Kizibo hakikuja.

Halafu bibi yake Kashinje akafa.

Alikuwa kikongwe wa vikongwe, mtu ambaye hata mauti yalishamkatia tamaa. Kwenye msiba wa namna hiyo watu hawalii sana, wanakula vizuri. Na kwenye msiba wa Msukuma, Mfipa ana cheo. Mtani ndiye anayetawala msibani: anaiga mwendo wa marehemu, anawanyang'anya wafiwa viatu, anazuia shughuli mpaka apewe anachotaka, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Nilipomletea shangazi taarifa alisema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," akaenda moja kwa moja kabatini.

Tulimwona anakuja makaburini amebeba kitu mgongoni kwa khanga, amekifunga kama mtoto, anakipigapiga kisilie. Jeneza lilishafika. Katekista Hilari alishavaa miwani na kufungua kitabu. Shangazi akapasua umati, akaketi ukingoni mwa kaburi, akasema "nipisheni, mimi ni mpangaji," akajiachia ndani. Pu!

"Dada Eufrazia," alisema Hilari akichungulia, "kaburi hilo limeshabarikiwa."

"Nashukuru, na mimi nilikuwa nahitaji baraka." Sauti ilitoka chini, imetulia. "Bibi yenu mtafutieni pengine. Hapa pana ubaridi mzuri, na sisikii kelele za Wasukuma."

Watu wakaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele. Kashinje naye alicheka, maana ndivyo inavyotakiwa. Msiba wa kikongwe bila mtani ni mboga bila chumvi. Akatupa noti. Noti ikarudi imekunjwa. Akaagiza jogoo, akaning'inizwa miguu juu ukingoni.

"Jogoo ni wa wagonjwa."

"Mbuzi, basi."

"Mbuzi wenu wana njaa kuliko mimi."

"Sasa unataka nini, Mfipa wewe? Jua linawaka, mwili unasubiri!"

"Nataka jiwe lenye mkia."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Jiwe gani?" aliuliza Josephat.

"Hakuna jiwe," Kashinje alijibu haraka. "Huyu ni mtani. Anatania."

"Liko kwenye soksi," kaburi lilisema. "Kiunoni, upande wa kushoto."

Macho yote yakashuka kwenye kiuno cha Kashinje. Marsela akajifunika khanga mpaka kichwani, akawa anaombolezea huko ndani kwa bidii ambayo tangu asubuhi hakuwa nayo. Deogratias, mdogo wao, mtu mwenye mikono kama majembe, alisogea hatua moja.

"Kaka Kashinje. Hivi shimo letu ni moja au yako mawili?"

Hapo ndipo nilipomwona Kashinje akifikiri, na niseme ukweli, si jambo la kupendeza kuliangalia. Kama ni almasi, yeye ni mwizi wa ndugu zake, mbele ya jeneza la bibi yao. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na aliyeichonga ni Mfipa.

"Ni kizibo!" alipiga kelele. "Jamani, ni kizibo cha chupa! Kioo tu!"

"Kizibo unalala nacho?" alisema Josephat.

"Kizibo, haki ya Mungu! Muulizeni Eufrazia, yeye mwenyewe alikuja nyumbani kuniambia!"

"Mimi ni mtani," kaburi lilijibu. "Maneno yangu mmeanza kuyaamini lini?"

Nilidhani Hilari anakohoa. Alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha ibada, anacheka.

"Sawa," alisema Josephat taratibu. "Kama ni kizibo, mpe kizibo chake, tumzike bibi. Kama si kizibo, tuambie hapahapa."

Kashinje alifungua mkanda. Alikitoa kisoksi kwa vidole viwili, kikiwa bado na picha ya bata, akakikung'uta, na lile jiwe likaangukia kiganjani mwake likimeremeta mpaka watu wa nyuma wakasimama kwa vidole vya miguu. Deogratias alimeza mate tukasikia. Kashinje akapiga magoti ukingoni, akalishusha polepole kama anayemkabidhi mtoto kwa nesi wa sindano.

Shangazi alifungua khanga mgongoni. Akaitoa chupa, akang'oa gunzi, akalitupia juu, likamgonga katekista. Akautumbukiza mkia, akauzungusha mara moja.

Kik.

Ulikuwa mlio mdogo, kama wa mlango wa tajiri unapofungwa. Hilari aliinama na miwani yake mpaka karibu naye awe mpangaji. "Saba huku," alisema, "na saba huku." Kwa waliobaki na shaka, shangazi akaiinua chupa nzima mbele ya macho yao, akaipindua, akaitikisa: kizibo hakikutoka. Kashinje alibaki kwenye magoti yake. Siku hiyo alifiwa mara mbili, na wa kwanza alikuwa na umri mkubwa.

Nilitegemea shangazi awakoge. Ana mdomo ambao ungewatosha Wasukuma wote wa Nsemulwa mpaka Pasaka. Lakini alikuwa ameikumbatia chupa yake humo shimoni, ameweka shavu kwenye kile kinanasi, anakisugua na kidole tu, na machozi yanamtoka, akasahau kabisa kwamba yuko kwenye kaburi la mtu. Watu wakaanza kutazamana. Mwishowe Hilari alimwinamia, akamwambia kwa upole:

"Dada Eufrazia, mwenye chumba amefika."

Wanaume watatu ndio waliomtoa, maana alikataa kutoa hata mkono mmoja kwenye chupa.

Kuhusu ndugu: Josephat aliyamaliza, akasema kosa la Kashinje ni ujinga na ujinga haugawanywi kwa tatu. Deogratias mpaka leo anaamini kaka yake alibadilisha, kwamba almasi halisi iko mahali, na kila Kashinje akinunua hata kandambili mpya, anamwangalia kwa muda mrefu. Na Kashinje mwenyewe akishakunywa viwili vitatu huwa anasema kwa siri kwamba inawezekana kabisa Mzungu alizibia chupa na almasi, Wazungu hawana akili.

Siku hizi anapita kwa shangazi kila akitoka kanisani.

"Hodi! Mfipa, bado unapumua?"

"Kwa pua zote mbili. Umekuja kufanya nini?"

"Kuangalia chupa yangu."

"Yako ya wapi?"

"Ukifa wewe, mtani ni nani? Si mimi? Nitashuka shimoni kwako, nitaitaka. Na sipokei mbuzi."

"Nitazikwa nayo."

"Basi tutabanana humohumo."

Mwezi uliopita shangazi alikohoa. Kikohozi cha kawaida, vumbi la kiangazi. Kashinje alifika kabla ya mchana na mkungu wa ndizi mbivu na uso uliojaa huruma na matumaini, akaulizia kifua, akaulizia usingizi, akauliza kama anakula. Shangazi alinyanyuka, akafagia uwanja wote mbele yake, akabeba gunia la chupa mpaka barabarani, akarudi akabeba la pili, akakaa, akamenya ndizi moja akampa.

"Kula, Msukuma. Kula vizuri, maana umekonda. Hujawahi kufikiri kwamba unaweza ukatangulia wewe?"

Kashinje akaacha kutafuna.